Kifuniko Chekundu

Mimi ndiye niliyemzidishia dawa mtoto wa fundi cherehani, si binti yangu!

Haya, limeshatoka. Sasa niwasalimu kwa utaratibu. Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu, mwalimu mkuu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani zangu mliokuja kuangalia nimevaa nini leo: hamjambo?

Majivuno yangu mnayajua. Binti yangu alipoajiriwa uuguzi hapa zahanati, nani hakusikia? Nililitangaza bombani, sokoni, hata msibani. Uchungu wa mwana, niacheni! Tangu hapo mkawa mnaniletea chupa zenu: “Mama Sista, hebu tusomee hii.” Nami navaa miwani ya marehemu mume wangu, nakohoa kidogo, nasoma. Nasoma nini, mtu niliyeishia darasa la pili? Nilikuwa natazama kifuniko. Cheupe, kijiko kimoja. Chekundu, vitatu.

Chupa ya fundi ilikuwa na kifuniko chekundu. Mwanawe akalala kutwa nzima, hata ziwa hataki, mpaka Mungu alipomwamsha. Mkasema sista kampa sumu. Na mimi mamaye, mwenye mdomo kama tarumbeta, siku hiyo ulimi ukaniganda. Miezi mitatu benchi la zahanati halina mtu, watoto wenu wanatibiwa kwa kubahatisha, na binti yangu ameshaandikiwa barua ya uhamisho. Aliniuliza mara moja tu: “Mama, fundi alisomewa na nani?” Nikamjibu, “Kula kwanza, chakula kinapoa.” Jamani, huyo ni mama?

Jana nilikwenda kwa fundi kumpigia magoti. Akasema, “Inuka dada, sakafu yangu ina sindano. Kaseme mbele za watu.” Nimesema.

Mheshimiwa, chumba hiki cha kusomea watu wazima unachotufungulia, ubavuni mwa zahanati, aliyekihangaikia ni binti huyo huyo. Jina la kwanza kwenye orodha ni langu. Limepinda, lakini nimeliandika mwenyewe.

Asanteni kwa kunivumilia na aibu yangu. Fundi ameahidi kumleta mwanawe: watoto watapimwa mlango huu, mama zao tutasoma mlango ule. Asiyekuja nitajua bado ananiamini mimi kuliko sista. Ni Jumanne, saa mbili asubuhi.