Papa Venant na Ziwa Lililo Chini ya Ziwa

Tarehe 30 Juni 1989, citoyen Mugaruka Birindwa, Mkuu wa Maabara ya Maji, anastaafu baada ya miaka ishirini na nane ya kazi katika Kituo chetu. Hilo ndilo jina lake tangu majina ya Kikristo yafutwe kwenye karatasi za serikali. Lakini ndani ya kuta hizi hakuna aliyewahi kumwita vingine ila Papa Venant, na sioni kwa nini tuanze leo.

Alikulia Cimpunda, mtaa wa hapa Bukavu, akasoma kemia Chuo Kikuu cha Lovanium wakati wanafunzi wa Kivu huko walikuwa wa kuhesabika. Angeweza kubaki mji mkuu, akapata gari na nyumba yenye bustani. Akarudi Bukavu. Alisema ziwa lilikuwa linamwita, nasi tulimcheka sana, maana mtu huyo aliyeitwa na ziwa hajui kuogelea hadi leo. Alipanda mtumbwi wa injini akiwa amefunga koti la abacost mpaka kifungo cha shingo, ameshika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili, na hakuruhusu mtu yeyote aimbe wakati chupa ya kuchotea maji inashushwa kwenye kamba.

Sisi wa Bukavu tunaliona ziwa Kivu kila asubuhi, tukalizoea. Papa Venant hakulizoea hata siku moja. Kila mfanyakazi mpya alipelekwa katikati ya ziwa, chupa ikateremshwa mamia ya mita, ikapandishwa, naye akakabidhiwa aishike. Maji hayo hayakuwa ya baridi kama mtu alivyotarajia. Kifuniko kikilegezwa, yalichemka kwa povu kama bia iliyotikiswa, na harufu ya yai viza ikajaa mtumbwini. Hapo ndipo alipotueleza kwamba chini ya ziwa tunalofulia kuna ziwa lingine, la chumvi, zito, lisilo na hewa, lililolala huko bila kuchanganyika na hili la juu. Nilipoambiwa hayo mara ya kwanza nilichungulia ukingoni mwa mtumbwi. Niligeuka nikamwona naye anachungulia vilevile, mdomo wazi, kana kwamba ameambiwa siku hiyo hiyo.

Kazi zake ni nyingi. Mashine ya kuchuja maji aliiunda upya kwa vyuma chakavu vipuri vilipokosekana. Mafundi wa maabara aliowafundisha wametapakaa hadi Kamanyola. Lakini jambo ninalotaka lijulikane katika sherehe hii ni la kiangazi cha mwaka 1978, nami nilikuwepo.

Mwaka huo kampuni moja ilitaka kuvuta maji ya kilindini, itoe gesi yake, kisha imwage maji yenyewe katika ghuba moja upande wa Kalehe. Watu wa ghuba hiyo huchota hapo maji ya kunywa. Kampuni ilihitaji sahihi ya maabara yetu kwamba hakuna madhara. Vipimo vya Papa Venant vya miaka mingi vilionyesha kwamba madini katika maji ya chini ni kidogo mno. Juu ya vipimo hivyo hivyo alikuwa amejenga tasnifu yake ya udaktari. Bourse ya kwenda kusoma Liège, Ubelgiji, ilikuwa imetoka, na mke wake, maman Agnès, alikwisha kuwafumia watoto sweta za baridi ya Ulaya.

Yeye hakuwa mtu wa kutia sahihi juu ya maji ya watu bila kwanza kuketi nao. Tukatoka kuchota kilindini tukapitia ghubani. Maman Bibiane, mkubwa wa wanawake wa pale, akaomba aone maji watakayoletewa. Tukamjazia beseni nyeupe, yakiwa maangavu kabisa. Mazungumzo yakaenda kwenye maharage na mvua, na huku nyuma maji yakaanza kupata ukungu. Jua lilipopinduka, vumbi la rangi ya kutu lilikuwa limetanda chini ya beseni. Maman Bibiane hakushangaa. Aliinamisha beseni polepole, akamimina maji ya juu kwenye sufuria, kama inavyofanyika katika kila nyumba yetu.

“Maji inapashwa kulala kwanza, Papa,” akasema. “Ya juu njo tunakunywaka. Ya chini tunamwangaka, iko uchafu tu.”

Papa Venant aliomba turudi Bukavu saa ile ile. Nilidhani ameugua. Alipofika maabara alimuuliza fundi wake, Ignace, anafanya nini na mashapo yanayobaki chini ya chupa kabla ya kupima.

“Tunamwangaka,” Ignace akajibu. “Tunasukula chupa mpaka inakuwa propre. Njo vile weye mwenyewe ulitufundisha, Papa.”

Ilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa umejifunza kumwaga mashapo Cimpunda kabla ya kujifunza kemia Lovanium. Huko kilindini, mahali pasipo hewa na penye gesi tele inayoyapa maji ukali wa asidi, chuma na manganizi huyeyuka yasionekane. Maji yakiletwa juu, gesi hukimbia, hewa huingia, ukali hupungua, na madini hayo huacha maji na kutua chini. Miaka yote tulikuwa tumepima maji yaliyokwisha kuachwa na madini, na madini yenyewe tukayasugua kwa brashi.

Safari iliyofuata alitia matone ya asidi katika kila chupa pale pale mtumbwini, ili kilichoyeyuka kibaki kimeyeyuka. Kipimo cha manganizi kilipanda mara nyingi kuliko cha zamani, kikapita mbali kiasi ambacho mtu anaweza kunywa kila siku bila kuugua. Sote tulimwangalia, kwa sababu kila mmoja alijua karatasi ile ya vipimo inamwondolea tasnifu yake. Naye alikuwa ametoa macho kwa mshangao, karibu acheke.

“Ziwa haikutudanganya,” akasema. “Ni siye tulimwanga jibu yake.”

Wapo waliomshauri atangulie kwenda Liège, mengine yatajulikana mbele ya safari. Yeye alivifuta vipimo vyake hadharani, akaeleza kosa lake kwa wote waliokuwa wamevipokea, na sahihi akakataa kuitoa. Mradi ukaondolewa ghubani. Tasnifu ikaanguka, bourse akapewa mwingine, na watoto wakavaa sweta zao Bukavu asubuhi za baridi. Ndiyo maana anastaafu bila kuitwa Docteur. Iliniuma wakati ule na inaniuma hadi leo, na sitaki kuificha kwa maneno matamu ya sherehe.

Mwezi uliopita nilipita katika ghuba ile. Watoto walikuwa wanajaza bidoni, wanarushiana maji, mmoja ameinama anakunywa kwa viganja. Niliwauliza kama wanamjua Papa Venant wa Bukavu. Walitazamana, wakatikisa kichwa, wakarudi kwenye mchezo. Nilitaka kuwaeleza, kisha nikaona hakuna haja.

Papa Venant, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufundisha kushangaa. Wenzako wote wa maabara wanakuombea afya, usingizi mzito, na uzee mtamu kando ya maman Agnès. Kule ghubani hakuna anayelijua jina lako. Wanakunywa tu, na hawaumwi.