Vidonda vya Navroz

Basi la Don Mills lilijaa makoti yenye theluji, lakini sauti ya mzee Navroz ilimfikia Libérata kiti cha nyuma bila taabu. Mzee alikuwa akimhubiria mama asiyemjua, jirani yake wa kiti.

"Bakteria wa tumbo wamekufa wote! Daktari kanipima damu: homoni iliyochochea asidi imeshuka, kimeng'enya cha kusaga chakula nacho kimeshuka. Nikishuka kituo cha Wynford, nakula pilipili."

"Hongera, baba. Na zamani ulisema vidonda vya tumbo vimeletwa na nini?" mama akauliza.

"Mdomo wa mke wangu. Nani asiyejua?"

Libérata akainama asicheke.

"Sasa mkeo umeshamwambia kumbe walikuwa wadudu?" yule mama akauliza.

Navroz akavuta kamba ya kengele, akashuka. Wynford ilikuwa bado mbali.