Mama Kipimajoto na Mijusi Kumi na Mmoja

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kipimajoto, nami nitajitahidi kusoma kwa sauti, maana yeye hakupenda kabisa mtu anayemung'unya maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya pili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mama aliugua na sisi wadogo tulihitaji mlezi. Tarehe 2 Juni 1970 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika bustani ya wanyama ya manispaa, na Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa, ambao wote mnawaona hapa mbele.

Julai 1978, wakati wa baridi, mijusi wa bustani walianza kufa, na daktari wa wanyama, mtu mwema na msomi, akaamuru hita ziwashwe kila kona, nyumba nzima ya mijusi iwe na joto moja usiku na mchana, lakini kati ya mijusi thelathini wakabaki kumi na mmoja. Dada, aliyekuwa amefagia pale miaka minane huku akiwatazama mijusi huru wa ukutani nje, alijua kwamba mjusi hana moto wake mwilini, huutafuta kwa miguu: asubuhi hutoka ufani akajitandaza juu ya jiwe la jua, akishapata moto huenda kuwinda, jua likizidi huinua tumbo na kupanua kinywa, kisha hukimbilia kivulini, na jioni hulalia jiwe lililobaki na vuguvugu. Ndani ya nyumba ile maskini wale hawakuwa na pa kukimbilia.

Basi alimwendea meneja, fagio mkononi, akaomba akabidhiwe hao kumi na mmoja, watu wakacheka wakasema siku hizi fagio nalo linatibu, naye meneja akampa siku thelathini, kwa sharti kwamba akifa hata mmoja, kazi hana, wakati ambapo shemeji alikuwa anaugua macho na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Akawahamishia chumba cha pembeni kisicho na hita, akapanga mawe, akaning'iniza taa upande mmoja, upande wa pili akaacha ubaridi na nyufa, akawa anasoma vipimajoto vitatu kila saa na kuandika daftarini, na ndipo alipopata jina lake. Siku ya tisa dume kubwa lilijichimbia ufani kutwa nzima, kila mtu akasema limekufa, livutwe nje, dada akakataa katakata, akajibu kwamba mwenye mwili wake anajua lini atoke, na kesho yake saa tatu dume likatoka, likajilaza chini ya taa.

Siku ya thelathini walihesabiwa kumi na mmoja, na mayai manane mchangani. Daktari alivua kofia mbele ya wafagiaji wote, akakiri kwamba yeye alisoma vitabu lakini mama huyu amewasoma mijusi wenyewe, akaenda kuzima hita kwa mkono wake, na kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2011 dada alikuwa msimamizi wa nyumba ile, akiwafundisha hata wanafunzi wa chuo kikuu. Tulimjivunia, na leo tunamjivunia zaidi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 74. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, na wale wawili wasiofika msiwalaumu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza kwamba siku ya maziko yake taa ya mijusi iwashwe kwa wakati wake.

Umeshinda, dada. Pumzika kwa amani.