Mshale wa Mzee Stefano

Kijiwe cha karibu na reli hapa Kilosa kina benchi moja, birika la kahawa la Nassir, na tangu Jumatatu kina pikipiki ya Mzee Stefano, katekista wa Lumuma, ile ya zamani inayochanganyiwa oili na petroli tangi moja. Mzee aliomba iwake tu, imfikishe kanisani. Fundi Bundala, aliyejifunza ufundi kwa kubomoa na kurudishia, akaona kazi hiyo ndogo mno kwake. Akapanua tundu la eksozi kwa tupa, akakata ukingo wa chini wa pistoni upande wa kabureta ili injini inywe vizuri, akaapa itapanda mlima wa Lumuma na abiria wawili. Pistoni hiyo haina mwenzake dukani hadi Morogoro. Leo Alhamisi anapiga kiki, inakohoa, inazima. Na juu ya mlango wa gereji yake, mkabala na benchi, kuna kibao alichokiandika mwenyewe: HAPA HATUDANGANYI MTEJA.

— Piga tena, mguu bado unao, — alisema Damiano, anayeitwa Gadi kwa miaka aliyokaa behewa la mwisho la treni.

— Gadi, usinichokoze.

— Sikuchokozi, nakusaidia. Tundu limekuwa kubwa, moshi unaruka nje kabla ya kufanya kazi. Abiria anashuka treni haijasimama!

Mwinshehe, muuza mchele wa Tindiga, ambaye kijiwe kizima kinamwita Debe, akatikisa kichwa.

— Si moshi, ni hewa. Hii imekulia mlimani, kwenye baridi. Hapa hewa nzito, ina pumba. Imepaliwa.

— Pumba za mchele wako, — alisema Nassir akimimina kahawa.

— Basi irudishwe Lumuma, — alisema Debe, — ikawashwe hukohuko.

— Irudishwe na nini? — aliuliza Bundala.

— Na punda.

Benchi zima likacheka.

— Ninyi hamjui kitu, — alisema Nassir. — Imeona aibu. Miaka yote imembeba katekista, taratibu, inasikia nyimbo tu. Leo fundi anataka ikimbie kama bodaboda wa Mikumi aliyekutana na tembo. Iimbieni!

— Mimi wimbo wa kanisani sijui hata mmoja, — alisema Debe.

Gadi, bila haya, akaanza kuimba. Bundala akapiga kiki katikati ya ubeti kwa hasira tu. Pikipiki ikakohoa mara mbili.

— Umeona? Imeitikia! — alisema Nassir.

Hapo akatokea Raheli, binti wa Mzee Stefano, na kapu la vitunguu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Bundala akasimama. Jibu lilishafika mdomoni: ni plagi tu, mpya iko njiani. Nani angejua?

— Baba amesema nisiulize kama imepona, — alisema Raheli. — Niulize kitu kimoja. Ule mshale juu ya pistoni, umeuelekeza wapi? Anasema lazima uangalie eksozi.

Gadi akamtazama Debe. Debe akamtazama Nassir. Nassir akatazama birika.

Bundala akaukumbuka msasa. Masizi yalikuwa yameganda juu ya pistoni, naye aliisugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya Idi. Kulikuwa na alama fulani pale. Nayo aliisugua, tena huku anapiga mluzi.

Debe akainua macho, akakisoma kibao polepole.

— Nimeufuta! — alifoka Bundala, kana kwamba anamgombeza mtu mwingine. — Kwa msasa. Nilidhani ni mkwaruzo. Na nahisi pistoni nimeirudisha kinyume, nilipokata panaangalia eksozi, ndiyo maana haiwaki. Mwambie mzee hivyohivyo, usipunguze neno.

— Itapona?

— Nikifungua nikakuta ringi za pistoni ni nzima, itapona. Kabla ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Raheli akaweka kapu chini, akakaa mwisho wa benchi.

— Nasubiri.

Nassir akainamisha birika juu ya kikombe cha Debe. Likatoa machicha tu. Siku nyingine hapo ndipo watu huaga, lakini leo hakuna aliyenyanyuka isipokuwa Bundala, aliyefuata spana.

— Gadi, njoo unishikie tangi. Na usiimbe.