Kompyuta Iliyokataa Kulala

SWAIBU: Haloo, nani mwenzangu?

SKOLASTIKA: Skolastika wa ofisi ya kutafuta ndugu, huku kambini. Fundi Swaibu, habari za dukani huko Mwanga?

SWAIBU: Aa, dada Skola. Njema tu, ila mvua inatunyima wateja. Mzima wewe?

SKOLASTIKA: Mzima. Lakini hii kompyuta yako—

SWAIBU: Ikigoma ni yangu, ikipona ni ya ofisi.

SKOLASTIKA: Sikiliza bwana, salio dogo. Nailaza, inalala, nikihesabu mbili imeshaamka. Tangu asubuhi.

SWAIBU: Si uizime kabisa ukanywe chai?

SKOLASTIKA: Wiki iliyopita niliizima, ikakataa kuwaka siku mbili. Na orodha ya majina ya waliopatikana ng'ambo inaingia leo saa kumi. Jua hakuna, betri ya sola iko chini ya nusu. Ikikaa macho hivi, saa tisa itakuwa imekata, na orodha nyingine mpaka mwezi ujao.

SWAIBU: Kuna mtu anaisubiri?

SKOLASTIKA: Wako wengi. Ila Mama Rozalia yuko hapa kwenye benchi tangu saa moja. Alipotezana na mwanawe Nikodemu siku waliyovuka ziwa. Mwaka wa tatu huu.

SWAIBU: Haya. Chomoa ule waya wa mtandao, huenda ndio unaoiamsha; utaurudisha saa kumi.

SKOLASTIKA: Nimechomoa. Sasa naila— [mikwaruzo]

SWAIBU: Haloo? Dada Skola?

SKOLASTIKA: Nipo. Nikiisogelea mashine simu inakata, nimerudi dirishani. Imeamka tena.

SWAIBU: Kipanya je? Meza ikitikisika, kipanya kikasogea kidogo tu, inaamka.

SKOLASTIKA: Meza yenyewe ya mninga. Hata wewe upande ucheze juu yake haitikisiki.

SWAIBU: Basi niambie unavyofanya, kimoja kimoja, usiruke kitu.

SKOLASTIKA: Nabonyeza. Kioo kinakuwa cheusi. Naifunika. Inaa—

SWAIBU: Hapo hapo. Unaifunika na nini?

SKOLASTIKA: Na kitambaa. Kwani redio ya kwenu Ujiji mnaiacha uchi?

SWAIBU: Kitambaa gani?

SKOLASTIKA: Cha Mama Rozalia, kakileta jana. Kafuma mwenyewe kwa uzi mweupe, pembeni kafunga shanga. Kizuri, kinashuka mpaka—

SWAIBU: Mpaka kwenye kibodi.

SKOLASTIKA: Na kwenye kipanya.

SWAIBU: Kwa hiyo unailaza mwenyewe, halafu unaigonga na shanga. Hata mimi ningeamka.

SKOLASTIKA: Usinicheke, Swaibu. Aibu niliyonayo inatosha.

SWAIBU: Kitoe tu, kazi imekwisha.

SKOLASTIKA: [anashusha sauti] Siwezi. Alipokileta alisema, "Umwana wanje, mwanangu, yumo humo ndani, msimwache na baridi." Na hapa ananiangalia. Nikikitoa atadhani nimekata tamaa na mwanawe.

SWAIBU: Kikunjeni mara mbili, kifunike kioo peke yake, kisishuke chini. Na usikikunje wewe. Mwite akikunje yeye.

SKOLASTIKA: Mama Rozalia, pita ndani kidogo, unisaidie. [mikwaruzo] Kakikunja vizuri kweli. Kioo cheusi. Moja... mbili... tano... kumi. Swaibu, imelala.

SWAIBU: Sasa msiisogelee. Saa kumi unipe habari.

SKOLASTIKA: Kwa salio lipi? Limebaki la kubipu tu.

SWAIBU: Bipu basi. Ikilia mara moja, betri imekufa. Mara mbili, orodha imekuja lakini jina hamna. Mara tatu—

SKOLASTIKA: Nimekuelewa.

SWAIBU: Na abonyeze mama mwenyewe.

SKOLASTIKA: Hajawahi kushika simu huyu, nitamfundisha. Haya nakata, nakata, linaisha— [simu inakatika]

[Saa kumi na robo. Bipu.]

SWAIBU: Moja.

[Bipu.]

SWAIBU: Mbili. Haya.

[Kimya kirefu. Bipu.]

SWAIBU: Tatu.

[Bipu. Bipu. Bipu. Bipu.]

SWAIBU: [anapokea] Nimesikia, Mama Rozalia. Nimesikia.