Chupa za Papa Adalbert na Chuma ya Bahari

Ndugu wapenzi, majirani wa Bagira, walimu wenzake na mapadri wetu, familia imenituma mimi Philémon, mudogo wake wa tumbo moja, niwasomee maisha ya papa Adalbert Bisimwa, na mutanisamehe sauti yangu ikipanda, kwa sababu huyu mutu hakuishi maisha ya kusomwa polepole.

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1938 kule Kabare, mutoto wa kwanza wa muzee Emile na maman Adélaïde, akasoma primaire palepale, sekondari hapa Ibanda, akapata licence ya chimie, ile elimu ya kemia, Kinshasa mwaka 1964, na kuanzia Septemba 1965 akafundisha chimie kwenye institut moja, shule ya sekondari ya hapa Bukavu. Tarehe 13 Agosti 1966 alifunga ndoa na maman Apolline, huyu tuliyeketi naye hapa, na Mungu akawapa Constance, Stanislas na Delphine.

Bahari aliiona mara ya kwanza Julai 1989, kule Moanda, na aliporudi hakuwa na habari ya mawimbi, habari yake ilikuwa chuma. Alitueleza mezani mupaka mboga ya sombe ikapoa, kwamba ndani ya maji ya bahari chuma iko kidogo sana, ingepaswa kugeuka kutu na kuzama, lakini haizami yote, kwani kuna vitu vilivyoyeyuka humo, vinavyotoka kwa mimea na vijidudu vya bahari, vinaishika vile kitenge inashika mutoto mugongoni. Hapo akataka kupima, wala hakulala vizuri tena. Aliongeza chuma tone kwa tone ndani ya maji aliyoyaleta toka Moanda kwa chupa, na mashine ya kupimia ya institut ikachora mustari kwenye karatasi: chuma ikikamatwa mustari unalala, vishikio vikishajaa mustari unainuka, na pale unapoinuka ndipo anajua maji yana nguvu gani ya kushika.

Kosa lililofuata lilitoka kwa mapendo. Mwaka 1990, kabla ya safari ya pili ya Moanda, maman Apolline aliona aibu bwana wake asafiri na zile chupa za maji zenye madoa, akazisugua zote kumi na mbili kwa paille de fer, ile ya nyuzi za chuma ya kusugulia masufuria, bila kumwambia mutu. Papa akapima, akatuma matokeo Ulaya, na kwa barua ya tarehe 6 Machi 1991 professeur mumoja akamujibu kwamba maji yake ni machafu, chuma imejaa mupaka inamwagika, aachane na kazi hiyo. Siku tatu alikagua chupa moja moja. Siku ya ine akakuta uzi wa paille de fer ndani ya chupa, akamuonyesha bibi yake, maman Apolline akalia, na papa akacheka mupaka akashika ukuta, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye mukubwa wa chupa.

Na alikuwa mukubwa kweli! Chupa zililala ndani ya asidi juma nzima, zikasuuzwa mara saba, pete ya ndoa ikangoja kwenye kisahani, na sisi wenye funguo mufukoni tukafukuzwa mulangoni kama mbuzi. Julai 1993 walienda Moanda wote wawili, na chupa moja ya maji safi matupu ikaenda ikarudi bila kufunguliwa, ili ishuhudie kama zimeoshwa vizuri.

Oktoba mwaka huohuo figo zikamuangusha, chupa zikangoja kwenye frigo ya mapadri, yeye akingoja kitandani. Tarehe 18 Februari 1995 aliomba mashine iletwe chumbani, na Delphine, aliyesoma chimie kama babake, akapima. Chupa ya maji matupu: hakuna chuma. Chupa ya bahari: tone la kwanza mustari umelala, la pili umelala, la tatu, la ine, maman Apolline ameshika kitanda kwa mikono miwili, na kwa tone la tano mustari ukainuka. Papa aliomba kalamu, akaandika kwenye karatasi ya ule mustari jina la bibi yake karibu na lake. Kesho yake, Jumapili, Siku ya Mungu, saa sita ya muchana, alituacha.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomutunza, walimu waliobeba mashine kwa mikono toka Ibanda, na majirani waliosimamisha kinu chao cha kusaga unga ili umeme usirukeruke.

Kaka yangu Adalbert, kazi yako imeonekana, pumzika kwa amani. Na wewe maman Apolline, usilie tena sababu ya paille de fer: chupa zako zilikuwa safi.