Misumari Miwili ya Mzee Soksi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika chumba cha vifaa, mwenzetu Mzee Soksi anastaafu leo Jumamosi, siku ya mwisho ya msimu. Kabla ya mechi atakabidhi funguo za stoo. Wakati wa mechi ataketi jukwaani akiwa na tiketi mkononi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe. Na kipenga cha mwisho kikishalia, atasimama mbele ya Baraza la Jukwaa la Mashariki ili ahukumiwe. Neno hilo la mwisho si kosa la mpiga chapa. Atahukumiwa, na ombi ni lake mwenyewe. Ndiyo maana sisi wenzake tunaiandika programu hii ya sherehe bila kujua itaisha kwa vigelegele au kwa kesi.

Kwa wageni wasioijua mila ya nyumba hii, tueleze. Klabu nyingi hufukuza makocha. Sisi tunawafukuza, kisha tunawahukumu. Kocha yeyote akishaondoka, awe ametimuliwa, ametoroka au mkataba umekwisha, wapenzi wa timu hukusanyika kwenye ngazi za jukwaa la mashariki. Kila mwenye ulimi husema. Maneno yakiisha, watu husogea: wanaomsamehe huenda upande wa lango, wanaomtia hatiani huenda upande wa tangi la maji. Upande wa lango ukijaa zaidi, picha ya kocha hutundikwa ushorobani, mahali ambapo kila mchezaji hupita akielekea uwanjani. Upande wa tangi ukijaa zaidi, picha hupelekwa stoo, ikaishi na koni zilizovunjika na mipira iliyokata pumzi. Hakuna rufaa. Na aliyepigilia kila msumari, wa ushorobani na wa stoo, ni Mzee Soksi.

Alikuja kwetu akiwa beki wa kushoto mwenye goti bovu. Goti lilipomkatalia kabisa, hakuondoka. Aliomba kazi ya kufua jezi. Jina lake alilipata mwaka uleule, pale alipomzuia nahodha mlangoni kwa sababu soksi zake hazikuwa pacha. Mwamuzi alikuwa anasubiri, wapinzani walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na nahodha, mtu mzima mwenye mke na watoto, alirudishwa ndani kama mtoto wa chekechea kubadili soksi ya mguu mmoja.

Wakongwe wanakumbuka pia siku mvua ilipolowesha jezi zote kipindi cha kwanza. Mapumziko yalimkuta na pasi moja tu. Alizipiga pasi moja baada ya nyingine akiwakabidhi wachezaji mlangoni zingali moto. Beki wetu wa kulia alirudi uwanjani akijikuna mgongo kama aliyemwagiwa upupu, akakimbia kipindi kizima bila kusimama, na hadi leo husema ile ndiyo mechi bora ya maisha yake.

Mabaraza yote ameyashuhudia kutoka mlangoni, nyundo ikiwa mfukoni. Alikuwapo tulipomhukumu Birika, kocha aliyesimama misimu miwili na mikono kiunoni. Mkata tiketi wetu wa kike alimmaliza kwa sentensi moja: “Birika tumekuwa nalo miaka miwili, jamani, na chai hatujaionja!” Tangi likafurika watu. Alikuwapo tulipomhukumu Profesa, aliyejaza ubao mishale mpaka chaki zikaadimika. Kinyozi wa mtaa wa nyuma alisimama akauliza, “Mishale yote ile, ndugu zangu, hakuna hata mmoja uliokuwa unajua goli liko wapi?” Stoo. Akaja Shemeji, aliyekuwa wa wastani mno, ila alimwoa dada wa mweka hazina. Watu walikuna vichwa hadi mama mmoja aliposema, “Tukimpeleka stoo, binti yetu tumwambie alale wapi?” Kicheko kikamwokoa, naye yuko ushorobani hadi leo, akitabasamu.

Tulicheka sana katika mabaraza yale. Ilikuwa rahisi kucheka, kwa kuwa hakuna mshtakiwa aliyewahi kuwapo. Makocha walikwisha panda magari na kwenda zao. Tulikuwa tunahukumu picha. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya baraza letu, mshtakiwa atakuwa amesimama pale pale, na mke wake, wanawe na wajukuu wake wakimtazama. Je, tutathubutu kucheka?

Sasa tuliseme lile ambalo klabu nzima imelizunguka miaka kumi na mmoja kama shimo la barabarani.

Msimu ule tulikuwa chini ya Bwana Kesho, kocha ambaye ahadi zake zote zilikuwa za siku inayofuata. Zikiwa zimebaki mechi tatu, huku timu ikichungulia kaburi la daraja la pili, aliondoka na wasaidizi wake wote bila hata kuaga. Kamati ilimtafuta mtu, mtu hakupatikana. Wachezaji walikataa kumsikiliza yeyote isipokuwa mmoja. Basi mtunza vifaa, mwenye harufu ya sabuni kwenye vidole, akawa kocha wetu wa muda.

Mechi ya kwanza alishinda. Ya pili alipoteza. Ya tatu, hapa nyumbani, ndiyo iliyokuwa na roho zetu ndani. Tulipaswa kushinda. Sare ingetuokoa kwa sharti moja tu: wapinzani wetu wa mkiani wafungwe kwenye uwanja mwingine, mbali na macho yetu. Zikiwa zimebaki dakika chache, ilikuwa moja kwa moja, nasi ndio tuliokuwa tukishambulia.

Ndipo kelele zilipoanza jukwaa la mashariki. Nani alizianzisha, hakuna anayejua, au tuseme hakuna anayekubali kujua. Mmoja aliruka, kumi wakaruka, jukwaa zima likaruka: wapinzani wamefungwa! Watu wakakumbatiana. Wimbo ukapanda: “Tumebaki! Tumebaki!” Mzee Soksi aligeuka kutoka mstari wa pembeni, akaliangalia jukwaa na kukunjua viganja vyake viwili, kuuliza. Naye Spika, kiongozi wa nyimbo zetu, mwenye koo linaloshinda kipaza sauti chochote, alikuwa amekaa juu ya chuma cha mbele cha jukwaa kama kawaida yake. Alimjibu kwa niaba ya wote: “Funga mlango, Mzee! Sare inatosha!” Jukwaa likapokea: “Funga! Funga! Funga!”

Aliufunga mlango. Alimtoa mshambuliaji, akamwingiza beki. Mechi ikaisha moja kwa moja. Watu waliruka uzio, wakambeba juu ya mabega, na alikuwa huko juu habari ya kweli ilipofika. Wapinzani wetu hawakufungwa. Walikuwa wameshinda. Tulikuwa tumeshuka daraja huku tukiimba.

Waliokuwapo wanasema hakutupwa. Alishushwa taratibu, kama mzigo ambao mwenyewe haonekani, na kila aliyembeba akatafuta njia yake ya kutokea.

Baraza liliitishwa kama ilivyo ada. Watu walikuja, wakaketi, wakatazamana. Hakuna aliyesema. Mwishowe Spika alitangaza kwamba limeahirishwa hadi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo sasa ina umri wa miaka kumi na mmoja. Tangu siku ile Spika hajakaa tena juu ya chuma cha mbele. Hukaa nyuma ya nguzo na nyimbo huongozwa na wengine.

Lakini hukumu ilitolewa, wapendwa wasomaji! Ilitolewa barabarani, bila baraza, bila lango wala tangi. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya tiketi, kwenye vijiwe vya jioni, yeye ndiye “yule aliyetushusha.” Miaka minne tuliyoteseka daraja la pili iliandikwa kwa jina lake. Tulipopanda tena, alifua jezi za ubingwa, akazipanga, akafunga mlango wa stoo na kwenda nyumbani wakati sisi tunacheza mitaani. Picha yake haipo ushorobani wala stoo. Katika klabu ambayo kila kocha ana ukuta wake, yeye peke yake hana.

Na katika muda huo wote hakusema ni nani aliyemwambia afunge mlango. Hakumtaja Spika kwa kamati, wala kwa waandishi wa habari, wala kwa mke wake, mhudumu wa zahanati, ambaye alikuja kulisikia kutoka kwa mgonjwa. Tulipomwendea mwezi uliopita na kumwambia kwamba tungependa kumtetea humu, alitukatiza: “Masikio ni yangu. Niliyafungua mwenyewe. Msinifanye mtoto aliyetumwa dukani.” Tumemtetea hivyo hivyo. Ametusamehe mengi, tunatumaini na hili.

Kamati ilijaribu kumwepusha. Mwenyekiti alimpendekezea cheti, saa ya ukutani na makofi, yaishe salama. Alishukuru, akaomba baraza. Mke wake naye alimsihi mbele yetu: “Baba Neema, chukua saa yako twende nyumbani. Wewe unataka watu wakuvue nguo mbele ya wajukuu?” Akajibu bila kuacha kukunja soksi: “Nikiondoka bila hukumu, mama, nitakuwa nimetoroka kama Bwana Kesho.” Mama huyo alitueleza baadaye kwamba wiki hizi amekuwa akila akiwa amesimama, na kwamba soksi za nyumbani sasa zinakunjwa, zinakunjuliwa, zinakunjwa tena. Anajikaza kisabuni, lakini tunaofanya kazi naye tunaona. Juzi alimpa kipa glavu mbili za mkono wa kushoto. Yeye! Mzee Soksi! Hakuna aliyecheka.

Yote yanategemea mtu mmoja, na tungekuwa waongo tukificha. Jukwaa la mashariki limezoea kumfuata Spika. Akisogea langoni, watasogea. Akisogea kwenye tangi, itakuwa mafuriko. Asipokuja, kila mtu atatazama viatu vyake na tutaahirisha tena, mara hii kwa mtu ambaye hana wiki ijayo. Tulimfuata kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Aliinua kinyago cha macho, akatuuliza, “Nyinyi mmekuja na habari au mmekuja na kesi?” Tukamwambia tumekuja na mwaliko. Akauzungusha mlango wa chuma uliokuwa mbele yake, akautazama upande huu na upande ule. “Watu wanangoja miguu yangu isogee ndipo na yao isogee,” alisema. “Mnajua uzito wake?” Tulipofika barabarani alituita: “Madogo! Niwekeeni nafasi yangu. Ile ya kwenye chuma.” Kisha akashusha kinyago. Nafasi tumeiweka. Hatujui atasimama upande gani.

Hatuombi huruma. Mstaafu wetu haitaki, na baraza letu halijawahi kuigawa. Tunadai kitu kigumu zaidi. Tunadai kwamba jioni ya leo, kabla hujasogeza mguu kuelekea langoni au kwenye tangi, useme kwa sauti ulikuwa wapi siku ile na kinywa chako kiliimba nini. Mtieni hatiani, ikiwa dhamiri yenu inawatuma hivyo. Alikuwa kocha, na kocha huamua. Lakini msimtie hatiani huku mmefunika midomo iliyomshauri. Tumemhukumu Birika, tumemhukumu Profesa, tumemhukumu kila aliyekosea mbele yetu. Jukwaa peke yake ndilo halijawahi kukosea katika klabu hii. Ni jambo la ajabu sana, timu kushuka daraja mikononi mwa watu wasiokosea.

Anayemrithi ni msaidizi wake wa miaka sita, dada tunayemwita Kamba kwa jinsi anavyofunga mizigo. Alhamisi, wakati wa kukabidhiana stoo, ndiye aliyegundua misumari miwili mipya. Mmoja upo ushorobani, katika ule uwazi ambao sote tumejitia hatuuoni kwa miaka kumi na mmoja. Mwingine upo stoo, nyuma ya mlango, kwenye usawa wa macho. Alipomuuliza, Mzee alisema hakutaka kumwachia mrithi wake kiporo cha kazi; Kamba ni mfupi, na ngazi ile ina mguu mmoja unaocheza. Picha yenyewe iko tayari ndani ya fremu. Ameilaza juu ya meza ya kupigia pasi, uso chini.

Mzee Soksi, tunakushukuru kwa jezi ulizotukaushia kwa mikono yako, kwa nahodha uliyemrudisha ndani, kwa makocha wa stoo ambao uliwafuta vumbi kila wiki wakati sisi tuliokuwa tumewahukumu tumekwisha kuwasahau. Jioni ya leo msumari mmoja utabeba picha na mwingine utabaki mtupu. Wowote utakaokuwa, sisi wa chumba cha vifaa tutakuwa tumesimama langoni tangu mapema, wachache au wengi, na tutasema tuliimba nini. Nenda nyumbani salama na mama yetu. Mungu akupe miaka mirefu ya kupumzika, wajukuu wenye soksi pacha, na jioni nyingi tulivu ambazo hazingoji matokeo ya uwanja mwingine.